Mfini Mezani kwa Mjomba Dezső

Nyíresvölgy, 28 Novemba 1993

Mpwa wangu Emőke,

Nakusalimu kutoka kibanda cha chama chetu cha skii, ambako wino umeshaganda mara mbili tangu nianze kuandika. Sisi huku tu wazima. Mama yako amemaliza kupika jemu ya mwaka huu na anakutumia kopo moja, pamoja na jozi ya soksi nene alizofuma mwenyewe, zenye mstari mwekundu. Alikosea kipimo, zimetoka kubwa kama magunia. Anasema zisipokutosha umpe yeyote mwenye baridi. Paka wake amezaa tena, safari hii kwenye kabati la nguo zangu. Mimi sina neno.

Theluji bado, lakini meza yetu ya kibandani imeshafunguliwa. Jumamosi rafiki zangu walikuja wote na skii begani, wakaziegemeza ukutani, wakakaa karibu na jiko na kuanzia pale pale walipoachia mwezi wa tatu. Kwa kuwa kiwanda cha chuma kimefungwa na nusu ya meza haina kazi, Kázmér anatamba. Anasema meno huoza chini ya serikali yoyote, na kwamba daktari wa meno kama yeye ndiye mfanyakazi wa mwisho wa taifa. Ödön akamkumbusha kwamba basi lake nalo bado linatembea. Kázmér akakubali kwamba linatembea, ila akataka kujua linampeleka nani.

Wakatoka hapo wakaingia kwenye lile lao la kila mwaka, kwamba Kihungaria kilitoka wapi. Ödön bado ni Mhuni, wa wale wapanda farasi wa kale. Ushahidi wake ni jinsi abiria wake wanavyopigania viti. Kázmér bado anatutoa Sumeri ya kale, kwa hoja kwamba ni watu waliovumbua maandishi tu ndio wangeweza kutuachia fomu nyingi namna hii za kujaza. Mimi unanijua. Vitabu vya shule na viseme kwamba lugha yetu na ya Wafini ni ndugu, mimi sitoki kwa wale jamaa wanaonuka samaki. Nilikuruhusu uende Ufini ukajifunze lifti zao za kupandisha watelezaji kilimani, si ukawe ndugu yao.

Sasa jambo lenyewe. Lifti yetu ya kamba ilikuwa mali ya kiwanda, na sasa kimefungwa haina mwenyewe. Halmashauri inasema itatuachia kilima iwapo tu chama kitaleta jina la msimamizi mwenye cheti, na kibali changu kinaisha msimu huu kwa sababu ya umri. Mkutano ni Jumapili ya mwisho ya Machi. Pasipokuwa na jina, kamba inashushwa na nguzo zinauzwa chuma chakavu. Mwenye cheti ni wewe peke yako. Ulisema unakwenda msimu mmoja, nami nimeshawaambia. Niandikie tu kwamba unakuja.

Mjomba wako,
Dezső


Kolari, 19 Desemba 1993

Mjomba Dezső, shikamoo.

Jemu imefika salama na haikuiona siku ya pili. Mwambie mama asante, na soksi nazo zimepata mwenyewe. Mimi mzima, nakula, nalala, na jua sijaliona tangu mwanzoni mwa mwezi. Watu wa hapa hawalizungumzii. Wanawasha taa tu na kuendelea kupaka skii nta.

Umetaja samaki, basi nikupe ya huku. Karakana yetu iko chini ya mama mmoja anaitwa Aune, ambaye hukagua ukingo wa kila skii kwa ukucha wa kidole gumba. Siku ya kwanza alinitambulisha kwa wenzangu kuwa ni ndugu aliyekuja kututembelea baada ya miaka elfu kadhaa, tena mikono mitupu. Tangu hapo kosa langu lolote linaitwa kosa la ukoo. Nikiongea kazini wanasema ndiyo maana tuliachana njiani, wao walitaka kufika.

Kuna fundi wa lifti hapa, Ilmari, ambaye huongea kama mara moja kwa wiki. Wiki iliyopita zamu yake ilifika tukiwa tunakunywa chai. Akasema kwamba zamani sana ndugu wawili waligawana mali, mmoja akachukua farasi na mwingine akachukua skii. Mwenye farasi alikwenda kusini. Akanitazama mimi, nta hadi kwenye viwiko, akauliza imekuwaje sasa amerudi kuomba skii.

Nikamwambia ndiyo maana wao hawajui kuzungumza. Farasi bila kusemeshwa haendi, skii hazihitaji neno. Aune alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba, Mfini akicheka hivyo watu wanatoka nje kuona kama kuna moto.

Jioni ile walinipeleka kunywa bia, nikawaudhi. Waliinua glasi zao wagonganishe, mimi nikaiweka yangu mezani. Ikabidi nieleze kwamba sisi hatugonganishi bia, na nikasimulia inavyosemekana, kwamba mwaka 1849 Waaustria walipowanyonga majenerali wetu kumi na watatu waligonganisha bia kwa furaha, tukala kiapo cha miaka mia na hamsini. Aune akauliza kimebaki muda gani. Nikamwambia kama miaka sita. Akasema watavumilia.

Kuhusu mkutano wa Machi, nimesoma. Taa ya chumbani inazimika zimika, nitakuandikia vizuri siku nyingine. Wasalimie Ödön na Kázmér, na paka.

Mpwa wako,
Emőke


Nyíresvölgy, 30 Januari 1994

Mpwa wangu Emőke,

Barua yako ilifika, ilikuwa ndefu na nzuri, na jibu langu halikuwemo. Nililitafuta hata nyuma ya bahasha.

Mama yako hajambo, ila anataka kujua soksi zimempata nani. Amewagawia watu watoto wa paka kwa nguvu. Daktari wa meno kapewa wawili, anasema ni rushwa lakini hajui ya nini.

Theluji imeanguka, tena ya kutosha. Kilima kimejaa, na kibandani mama yako anapika supu ya maharage ambayo inaisha kabla ya watu. Nilisimulia mezani ile ya farasi na skii. Ödön akaniambia nimwulize huyo Mfini ni ndugu yupi aliyechukua sufuria. Kázmér akasema hilo ndilo swali la kwanza la kisayansi kuulizwa na dereva wa basi.

Lifti inakwenda, ila gia inasaga. Ukikaa karibu na kibanda cha mota unaisikia kama mtu anayekula mifupa. Puli ya juu, lile gurudumu la kamba, ililegea, Ödön akapanda nguzo akaikaza, maana siku hizi amependa sana kutazama mandhari. Mimi naangalia mambo kutoka chini. Mtu akiwa chini anaona vizuri zaidi.

Halmashauri wameleta barua nyingine. Wanataka jina, na mimi nimesema jina lipo. Nijibu, binti.

Mjomba wako,
Dezső


Kolari, 16 Februari 1994

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa kifupi, tuna wageni wengi na kila mmoja amekuja na skii butu. Mimi mzima. Jua limerudi, linachungulia tu na kuondoka.

Gia inayosaga si ya kuchezea. Nimemwomba yule fundi wa hapa, Ilmari, aje aitazame. Ana likizo mwanzoni mwa Machi, na alikuwa anataka kuona Budapest hata hivyo. Ni mfanyakazi mwenzangu tu. Hasumbui, anakula chochote, mnaweza kumlaza kibandani. Kihungaria ana maneno machache. Kázmér azungumze naye Kijerumani.

Mengine nitaandika akishafika. Mbusu mama.

Mpwa wako,
Emőke


Nyíresvölgy, 14 Machi 1994

Mpwa wangu Emőke,

Kwanza heri ya siku ya jina lako mapema; kila jina lina siku yake kwenye kalenda ya ukutani, lako ni wiki ijayo, na posta ya siku hizi naijua. Mama yako ni mzima. Theluji inaanza kulainika mchana, watu wanateleza asubuhi na kuota jua wakishiba.

Mfanyakazi mwenzako tu alifika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa adabu. Alishuka kwenye basi la Ödön, akasema habari ya asubuhi kwa Kihungaria, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mota, na hatukumwona tena mpaka chakula. Gia aliifungua yote na kuipanga juu ya turubai kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Siku ya pili aliirudisha. Sasa ukikaa pale husikii kitu, na Kázmér anasema ukimya huo ni tabia ya Kifini iliyoingia kwenye mashine.

Jioni tulimketisha mezani. Tulimpa mkate wenye mafuta ya nguruwe na vitunguu, na gongo ya plamu, naye akavipokea vyote bila maswali. Kisha wakamwanza. Kázmér, kwa Kijerumani chake cha meno, akamweleza Sumeri tangu mwanzo hadi mwisho. Ödön akamweleza Wahuni, kwa mikono. Mfini alisikiliza kwa heshima kama mtu anayesomewa mashtaka. Walipomaliza nikasema zamu yangu, nikamtaka Kázmér amuulize lile letu la sufuria.

Akafikiri. Kázmér akatafsiri jibu: “Sufuria mlichukua nyinyi. Sisi tulibaki na samaki mbichi, ndiyo maana tunanuka.”

Emőke, meza nzima ililala kwa kicheko. Ödön alimpiga mgongoni mpaka akamwaga supu. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimeapa.

Kisha ikaja bia. Kázmér unamjua, hakosi uchokozi. Mgeni akiwa katikati ya sentensi, anaeleza jambo fulani la mafuta ya gia, Kázmér akainua glasi akaisogeza kwake kabisa ili agonganishe naye. Wageni wote hunasa hapo. Tumemnasa Mjerumani, tumemnasa Mholanzi, tumemnasa hata padri. Huyu mkono wake ulirudi nyuma wenyewe, ukaiweka glasi mezani, na sentensi yake ikaendelea na mafuta ya gia. Hakujua hata kwamba amefanya kitu.

Uliniandikia kwamba uliwasimulia habari ya bia, nakumbuka. Lakini mtu aliyesimuliwa hukumbuka kwanza, ndipo akajizuia. Mkono wa huyu haukuhitaji kukumbuka. Huo ni mkono uliokula na kunywa meza moja na Mhungaria jioni nyingi sana. Nikatazama chini ya meza. Alikuwa amevua viatu ili vikauke, na miguuni alikuwa na soksi zenye mstari mwekundu. Zinamtosha sawasawa.

Ödön pia aliona, akaanza kuzungumzia matairi. Mama yako alikuja na supu ya pili, akaona, akarudi jikoni, na supu hatukuipata.

Ni mtu mzuri. Nakwambia hilo mapema ili usije ukadhani nalalamikia yeye. Nalalamikia barua zako. Mkutano ni tarehe ishirini na saba na mimi nimesimama mbele ya watu miezi minne nikisema jina lipo. Niandikie neno moja, ndiyo au hapana. Usiniandikie habari za Aune.

Mjomba wako,
Dezső


Kolari, 20 Machi 1994

Mjomba wangu, shikamoo.

Sina habari za Aune.

Ni kweli. Tumechumbiana na Ilmari tangu Oktoba, kabla hata ya barua yako ya kwanza. Nilitaka kukuambia kila nilipokaa kuandika, na kila mara nilikuona umesimama kwenye lango la lifti unawaambia watu nitarudi. Niliona haya. Nikafikiri nikimtuma yeye atengeneze gia itakuwa nimetoa kitu badala yangu. Sasa naona nilikutumia fundi kama mtu anayetuma mchango wa harusi asiyotaka kuhudhuria.

Lakini nawe, Mjomba. Ilmari aliporudi nilimuuliza habari ya gia, akanieleza muda mrefu, jambo lisilo la kawaida. Nikamuuliza kama mliteleza pamoja. Akatazama dirishani. Nikamuuliza tena, akasema alikuahidi kwamba hatasema. Hakusema zaidi na sitamlazimisha, ila ukimya wake wa kawaida naujua, na huu haukuwa huo. Nikatoa barua yako ya Januari nikaisoma upya. Ödön apande nguzo kutazama mandhari? Ödön huyu anayeshika meza akisimama juu ya kiti kubadilisha balbu? Ni nyonga, sivyo? Ile ile iliyokuwa inakusumbua nilipoondoka. Huteremki tena kilima.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuteleza. Ulikuwa unateremka kinyumenyume mbele yangu, umenishika mikono, ili niuone uso wako badala ya mteremko. Nimelia sana tangu jana, nakwambia wazi.

Kwa hiyo ndiyo. Nitarudi. Weka jina langu. Nimezungumza na Ilmari, anasema atangoja hadi mambo yatengemae, kwamba kwao walitungoja miaka elfu kadhaa na hawakufa. Alisema hivyo kisha akatoka kwenda kupasua kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Nimeituma barua hii kwa njia ya haraka. Itafika kabla ya tarehe ishirini na saba.

Mpwa wako,
Emőke


Nyíresvölgy, 5 Aprili 1994

Mpwa wangu Emőke,

Salamu za Pasaka. Mama yako amepaka mayai rangi, na wanaume wa meza walikuja kummwagia marashi kama desturi, Kázmér akamwaga kichupa kizima kwa sababu alikuwa amekaa na paka wawili majira yote ya baridi na hakuamini tena pua yake. Theluji imekwisha. Kilima ni matope.

Barua yako ilifika jana. Eszter wa posta aliileta mwenyewe kwa mguu, akaomba radhi, anasema ilikwenda kwanza kwenye Nyíresvölgy nyingine ambayo hakuna mtu alijua kwamba ipo. Mkutano ulikuwa umeshapita.

Nikueleze ulivyokwenda. Chama chote kilikuja, na mwakilishi wa halmashauri na kalamu yake. Wakaniuliza jina. Nilikuwa nimengoja jibu lako mpaka asubuhi ile, na kwa kuwa hukunijibu nikaona hilo nalo ni jibu. Nikasimama, nikasema: “Jina nililowaambia halipo. Mpwa wangu ameshapata kwao kule, na mimi nililijua hilo tangu siku ya bia.” Kisha nikakaa, kwa sababu nyonga haipendi kusimama. Ndiyo, ni nyonga. Nitapasuliwa mwishoni mwa Mei na daktari anasema nitatembea vizuri. Kuteleza hakutaja, nami sikumuuliza.

Mwakilishi akafunga kalamu. Ndipo Ödön akanyanyua mkono kama mtoto wa shule, akasema njia ya basi lake inafutwa mwezi huu, hakuwa amemwambia mtu, na kwamba cheti ni kozi ya miezi ya kiangazi tu, na nguzo ameshazipanda majira yote ya baridi akiwa amefumba macho. Akauliza kama anaweza kuwa yeye. Emőke, miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza Ödön, na wa kwanza kutomuuliza ni mimi. Macho yangu yalikuwa Ufini. Walimpitisha wote, hata Kázmér, ambaye alisema hatimaye tutakuwa na lifti isiyosimama vituoni. Mwakilishi akaifungua kalamu tena. Wamempa hadi Novemba awe amepata cheti.

Sasa nikuambie ukweli mmoja. Barua yako ingefika mapema, ningeisoma kwa sauti mbele ya wote, ningeandika jina lako kwa furaha, nawe ungekuwa hapa sasa unafunga mabegi. Nisingesita hata kidogo. Kwa hiyo nimemshukuru Eszter kwa kuchelewa, naye hakunielewa, akadhani namkejeli.

Kaa huko. Mwambie Ilmari aache kuni za watu.

Kuna jambo moja limetusumbua mezani. Siku ya jina la Ilmari tuliitafuta kwenye kalenda ya ukutani, tukaanza Januari tukatoka Desemba, haimo. Kwetu mtu asiye na siku ya jina hana siku ya kuletewa keki wala kupigwa mgongoni, haiwezekani. Ödön alitaka awekwe siku moja na wewe. Nilikataa, mtu na mkewe wasigawane keki moja. Mwishowe nikachukua kalamu nikamwandika tarehe ishirini na nne Mei, kesho yake baada ya siku yangu. Njooni wote wawili, mtanikuta kabla sijaingia hospitali. Bia ipo, na glasi zitakaa mezani.

Kuhusu asili ya lugha yetu sijabadili msimamo, wala usimwambie Aune kwamba nimebadili. Ila tarehe ishirini na nne kumbe ni siku ya kina Eszter, na ikabidi nimuulize Eszter wa posta kama hataona vibaya kugawana. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni ndugu.

Mjomba wenu,
Dezső